King'amuzi cha Mama

Fundi alilifunika dishi kwa gunia lililoloweshwa maji, akapaza sauti kutoka juu ya bati: "Haya, hiyo ndiyo mvua! Someni mawimbi!"

Sebuleni, watoto watatu wa Mama walisogeza nyuso karibu na runinga. Kila mmoja alikuwa ameleta king'amuzi kipya, na kila mmoja aliapa kwamba chake ndicho kinachonasa mawimbi vizuri kuliko vya wenzake. Juzi Mama aliwapigia simu mmoja mmoja, akilia kwamba runinga yake imejaa chenga tupu. Hakuna aliyemwambia ndugu yake. Walipendana mno hata wasitake kusumbuana.

"Cha kaka, asilimia arobaini," alisoma dada wa kati, kwa huzuni iliyompendeza. "Pole, kaka. Rangi yake lakini nzuri."

Kaka mkubwa, meneja ambaye hakuwa amekanyaga nyumba hiyo tangu mwaka juzi, alilaumu waya. Fundi akabadilisha waya. Thelathini na nane.

"Basi ni runinga," alisema meneja.

"Au ni mbingu," alisema dada.

Chake kilifika sitini. Fundi alipolisukuma dishi kidogo tu, mfano wa upepo, picha ikaganda, mtangazaji mdomo wazi. Sasa ikawa zamu ya kaka kutoa pole, naye hakubania.

Kitinda mimba alikuwa amekuja na kidude kidogo kama kipande cha sabuni. Dishi likiwa chini ya gunia, kilisoma tisini na mbili. Dishi likasukumwa, likasukumwa tena, na mtangazaji akaendelea kusoma habari bila wasiwasi. Kitinda mimba alikohoa tu, kikohozi cha mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Mimi mambo hayo siyajui, wanangu," alisema Mama kutoka kitini, sauti ikitetemeka. "Nyote mmenifaa. Maboksi tu msiyatupe, nitawekea vitambaa vyangu. Na msigombane kwa ajili ya kizee kama mimi."

Waligombana nusu saa nzima. Nani alimpeleka Mama hospitali mara ya mwisho. Nani hupiga simu na kukata kabla salamu hazijaisha. Nani alinunua kapeti, na nani alilimwagia chai. Mama alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kaka aliondoka bila kuaga. Dada akamfuata ili wamalizie barabarani. Kitinda mimba alimkumbatia Mama, akaahidi kurudi mwezi ujao, akatazama saa, akatoka mbio. Ving'amuzi vyote vitatu vilibaki mezani, maana nani angekubali kuonekana akirudi na zawadi ya mama yake kwapani?

Fundi alishuka, akafunga geti kwa komeo. Alivipangusa vile ving'amuzi, akavirudisha kwenye maboksi kimoja kimoja, pamoja na rimoti na karatasi za dhamana.

"Bosi," alisema, "hiki kidogo kikae rafu gani?"

"Ya mbele, chini ya taa," alijibu Mama, akivaa viatu vya kwendea dukani kwake. "Na Jumatatu usinipigie kelele asubuhi. Nitakuwa kwenye simu nawalilia wanangu kuhusu friji."