Filimbi Inayokohoa

Mzee Semboja alikuwa ameshapuliza filimbi kumi na moja za kuitia kanga wa porini, na kuku wote wa jirani walikuwa wameshakimbilia uvunguni.

“Mzee wangu, unachagua filimbi au mchumba?” alimtania Bi Mwanasha, mchonga filimbi. “Chukua hii yenye sauti ya jike. Dume akiisikia, anakuja mbio kama kaalikwa pilau.”

Mzee akatikisa kichwa. Akainama, akaokota nyingine kwenye takataka za mianzi, akaipuliza. Ilianza vizuri, kisha ikakohoa mwishoni.

“Hiyo mbovu, nimeitupa! Utarudi nyumbani kula mchicha.”

“Marehemu mke wangu alikuwa akiwaita hivi hivi,” alisema Mzee. “Tukienda kuwinda, kila mara anaharibu mwishoni kwa kicheko. Miaka thelathini nimekula mchicha.”

Bi Mwanasha aliichukua ile filimbi. Aliipangusa vumbi kwa upindo wa leso yake, akampa.

Asubuhi, ukingoni mwa pori, Mzee Semboja aliipuliza. Kanga wote wakaruka, wakatokomea. Naye, kwa mazoea, akageuka nyuma haraka, mdomo wazi, tayari kumgombeza mtu.