Uji wa Pilipili Manga

Katika mji ule hakuna aliyeruhusiwa kubeba mimba mpaka mwanamke mwingine afunge kizazi na kumwachia nafasi. Sikudhani, mama wa watoto wawili, alifunga chake Jumanne asubuhi, kwa hiari yake, na adhuhuri alikuwa nyumbani. Tumbo halikumuuma. Hakuna kilichomuuma.

Mama yake, Bi Mwanaisha, alimletea bakuli la uji wa pilipili manga.

"Mama, huu si wa kuteremsha maziwa? Mimi sikuzaa."

"Umetoka wodi ile ile ya wazazi, mwanangu. Mimi sijui kumuuguza mwanamke kwa njia nyingine. Kunywa ungali moto."

Akanywa. Pilipili hakuisikia.

Alasiri ikapigwa hodi. Aliingia mwanamke mgeni, akaketi mkekani.

"Dada, mimi ndiye niliyepewa nafasi yako. Nimeingoja miaka tisa." Machozi yakamtoka. "Desturi inataka uniwekee mkono tumboni."

Sikudhani akauweka, kama anavyouweka mezani. Alimtazama yule mwanamke akilia, kama mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili.

Mgeni alipoondoka, Bi Mwanaisha alibaki amekodolea macho kifua cha mwanawe. Kanga ilikuwa imelowa chapachapa.

"Nimejimwagia uji," alisema Sikudhani.

Mama yake akainama, akanusa, akajishika mdomo. "Si uji huo, mwanangu."

Sikudhani akaiangalia kanga kwa muda. Kisha akanyoosha bakuli, aongezewe.