Chini ya Upenu

Vigae viwili vya paa vilikuwa vimefunikana kama viganja. Yusta, kibarua wa uchimbaji aliyetoka nchi ya mbali, alidhani ni kifusi tu, akafunua cha juu. Ndani mlikuwa na mifupa myembamba kama njiti za kiberiti.

Bwana Rufino, msimamizi wa uchimbaji, alipiga goti kando yake. Jumba la shamba walilokuwa wakilichimba, lililojengwa na Warumi wa kale, lilikuwa limebaki misingi tu katikati ya ngano.

"Kichanga," alisema taratibu. "Waliwazika hivi, chini ya upenu, yanapodondokea maji ya paa. Aliyekufa kabla ya kuota meno hakukaliwa matanga."

"Hata kwetu," Yusta alijibu.

Hakuwa amewahi kumwambia mtu. Maneno yakatoka yenyewe.

"Wangu alizikwa upenuni. Mama mkwe alinikataza kulia, akasema nikilia kizazi kitafunga. Sikulia, Bwana Rufino. Na kizazi kikafunga vilevile."

Rufino alivua kofia. Mvua ikaanza kunyesha, na wenzao wakakimbilia hemani.

"Twende, dada Yusta. Nitaleta turubai."

Hakwenda. Alifungua khanga yake, akaiinua kwa mikono miwili, ikatanda juu ya vile vigae, mahali ambapo paa halikuwapo tena. Maji yakajikusanya kwenye pindo, yakaanza kudondoka kando ya msingi, tone baada ya tone. Ndipo Yusta akalia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa asubuhi ile.