Tundu la Kumi na Moja

Tundu moja lilibaki tupu, na gari la kazini lilikuwa limeshapiga honi mara mbili.

Fundi alipiga magoti mbele ya sanduku lake jipya akahesabu upya. Drili kubwa, drili ndogo, grainda, msumeno wa umeme, randa ya umeme, mashine ya msasa, betri tatu na chaja. Vitu kumi. Matundu kumi na moja.

Akapapasa sakafuni kulizunguka sanduku, hakuna kitu. Mwezi uliopita alifika kazini na betri zote pamoja na chaja yake, ila drili zenyewe kaziacha nyumbani chini ya kitanda. Msimamizi alimwambia mbele ya watu: "Ukisahau kifaa tena, usishuke garini. Geuza nalo hukohuko." Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu.

Ndipo alipoapa kuachana na magunia na ndoo. Alitengeneza sanduku la mbao lenye magurudumu, akatafuta sponji nene ya kuweka ndani. Jumamosi aliitandika sponji mezani, akavimwaga vifaa vyake juu yake, akavisogeza huku na huku mpaka vikakaa, kisha akapitisha kalamu ya wino mzito kukizunguka kila kimoja. Ilibidi afanye haraka. Meza ilikuwa moja tu nyumbani, wote wawili wakiifanyia kazi, na mkewe, ambaye ni msusi, alikuwa na wateja wawili sebuleni wakisubiri zamu.

"Vaa basi miwani, baba watoto," mkewe alimwambia.

"Vifaa vyangu navijua hata nikifumba macho."

Jumapili akayakata matundu kwa kisu, moja baada ya jingine, akipiga mluzi. Kila kifaa na kwake. Kitakachokosekana, tundu litasema.

Na sasa tundu lilikuwa linasema. Tumbo nene mbele, mpini kushuka chini. Hiyo ni drili, hata mtoto angeona. Lakini drili zote mbili zilikuwa zimeshalala kwao.

Shemeji yake akaingia, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa amefanya naye kazi miaka tisa bila kugombana hata kwa msumari. Jana ndiye aliyemsaidia kufunga magurudumu.

"Shemeji, twende, dereva kakasirika."

"Drili yangu ya tatu iko wapi?"

"Lini umekuwa na drili tatu?"

Fundi alilitazama tundu tena. Kusema kweli, hakukumbuka kuinunua. Lakini tundu lilikuwa pale, limekatwa kwa mkono wake mwenyewe, na tundu halina sababu ya kusema uongo.

"Jana nani aliingia humu ndani zaidi yako?"

Shemeji alitua begi lake chini. Honi ikapigwa mara ya tatu. Kama mkewe fundi angekuwepo pengine angeingilia kati, ila alikuwa ametoka alfajiri na mkoba wake wa kazi kwenda kumtengeneza nywele mteja aliyekuwa anasafiri.

Shemeji alifungua begi lake, akatoa drili yake mpya, ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani kwenye mpini.

"Chukua," alisema. "Sitaki dada yangu asikie naitwa mwizi. Ila leo ndiyo mwisho wa mimi na wewe. Kesho tafuta mtu mwingine wa kukushikia ngazi."

Fundi aliipokea. Iliingia kwenye tundu, ingawa haikujaa sawasawa. Ilicheza. Alijiambia kwamba sponji imetanuka kwa joto, akafunga kifuniko.

Njia nzima ile drili iligonga ndani ya sanduku, nko, nko, nko.

Kazini msimamizi alilifungua sanduku, akakagua kila tundu, akaita mafundi wengine waje kujifunza. "Huyu ndiye fundi," alisema. "Tumbukizeni magunia yenu kwenye moto." Fundi aliisubiri siku hiyo mwezi mzima, na sasa ilipofika haikumpa raha. Shemeji alikuwa upande wa pili wa ukumbi akipima mlango peke yake. Miaka tisa hawajawahi kula mbalimbali, na mchana huo kila mmoja alikula na ukuta wake. Fundi aliumia. Mara mbili aliinuka amwendee, na mara mbili akalikumbuka lile tundu, akakaa.

Jioni walilibeba sanduku hadi sebuleni, kwa kuwa lilikuwa zito na shemeji hakuwa mtu wa kumwachia mwenzake mzigo, hata akiwa amenuna. Walilitua mezani, likafunguliwa. Fundi aliitoa ile drili mpya apanguse vumbi lake, kwa kukosa pa kuyaelekeza macho. Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni.

Mkewe akaingia akitokea kazini, mkoba begani. Aliliona sanduku, akasimama. Alisogea karibu, akainama juu ya lile tundu tupu, akaanza kucheka kwa furaha.

"Jamani, mume wangu! Na mimi umenikumbuka?"

Akachomoa mkobani mashine yake ya kukaushia nywele, akailaza tunduni, tumbo mbele, mpini chini. Iliingia yote, ikakaa kimya.

Pale mlangoni shemeji alinyoosha mkono tu, kiganja juu, akasubiri drili yake.