Utepe wa Mgeni Rasmi

Mashine ya kukata kwa leza ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Juu ya kitambaa ulifungwa utepe mwekundu, ukimngoja mgeni rasmi aliyekuwa ameahirisha tena kuja. Muhula mzima Mwalimu Kondo alikuwa amefundisha matumizi ya mashine hiyo kwa kuichora ubaoni. Kesho yake kazi za mikono zingesahihishwa, na ambayo haikukatwa kwa leza isingepata alama.

"Mwalimu, tubonyeze kitufe kipi?" Mwasiti aliuliza, ameshika kipande chake cha mbao nyembamba. "Kile cha chaki nyekundu?"

Darasa likacheka. Mwalimu Kondo hakucheka. Aliufungua utepe, akakitoa kitambaa, akawasha mashine.

Mwalimu mkuu alikuwa akipita barazani. Aliingia mbio. "Nani amekuruhusu? Mgeni akija atazindua nini?"

"Atazindua mashine inayofanya kazi, mzee."

"Rudisha utepe huo. Sitasema mara mbili."

Mwalimu Kondo alimgeukia Mwasiti. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na waliomfahamu walikaa wima. "Kabla ya kukata kazi yako, unafanya nini?"

"Najaribu kwanza kwenye kitu kisicho na kazi."

Mwalimu Kondo akampa utepe.

Mwasiti aliutandaza ndani ya mashine, akaunyoosha kwa viganja, akafunga kifuniko. Feni ikaanza kuvuma. Mwalimu mkuu alisimama amekumbatia kitambaa, akikitazama kidole cha msichana juu ya kitufe.