Spika za Sebule ya Nyange

Fundi Kibwana hakuwahi kuunda spika kabla ya kupiga kofi kwenye sebule itakamokaa. Spika ya ukumbini, alizoea kusema, ukiileta sebuleni inabweka tu. Basi akasimama kati ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, akapiga kofi moja, akatega sikio.

Mwangwi ulirudi, na nyuma yake ikaja sauti ya kizee kutoka chumba cha pili: "Maji, mwanangu."

"Ni mama," alisema Nyange, mwenye nyumba, bila kugeuka. "Wageni wakija ananiaibisha. Nataka spika zimfunike, lakini sisi huku tuongee bila kupayuka."

Kibwana alijua ilimpasa kufunga mkoba wake aondoke. Lakini kazi yenyewe ilimnogea.

Aliporudi alileta maboksi mawili ya spika ya mbao za mninga, akayaegemeza kwenye ukuta wa chumba cha yule mama. Muziki ukajaa sebuleni, mzito, mtamu, usioumiza sikio. Sauti ya kizee ikamezwa.

"Hapo sasa!" Nyange akacheka. "Wewe ndiye fundi, bwana."

Kwa mazoea, Kibwana akabandika kiganja ukutani asikilize besi. Chini ya kiganja kitu kilikuwa kinagonga kutoka chumba cha pili, kinapumzika, kinagonga tena, bila kufuata mdundo wa ngoma.

"Kuna kasoro?" Nyange akauliza.

"Kidogo tu," akasema Kibwana. Kwa mkono wa pili akaongeza besi, polepole, kiganja kingali ukutani, akisubiri ukuta wote utetemeke kwa mdundo mmoja.