Seli Sitini

Seli elfu sita za damu ya mama yake zilipochambuliwa pamoja, hakukuonekana kitu. Lubna alipozichagua zile sitini zilizojitenga na nyingine na kuzichambua kando, vilele vikainuka kwenye skrini, vyembamba kama sindano, juu ya kromosomu Y, ile ambayo wanaume peke yao wanayo.

Damu hiyo Lubna alimtoa mama mwenyewe, nyumbani kwao mtaa wa Jabe, kwa sababu maabara ilihitaji ya mtu mwenye afya kwa kulinganisha.

"Uchafu huo. Futa," alisema mwenzake wa meza ya pili.

Lakini wiki ile haikupita damu ya mwanamume kwenye mashine, na mama hajawahi kuongezewa damu. Lubna alijua kwamba mimba ya mtoto wa kiume huweza kuacha seli zake ndani ya mama kwa miaka mingi. Kwao walizaliwa wasichana wanne tu.

Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kufuta. Akakiondoa, akachukua simu.

"Mama, ulishazaa mutoto mwanaume?"

Upande wa pili mafuta ya sambusa yalikuwa yakichemka. Kisha yakanyamaza, mama alikuwa ameipua karai.

"Nani amekuambia?"

"Damu yako."



"Hospitalini walisema amezaliwa amekufa. Wakamufunika, wakamupeleka." Sauti ikashuka. "Lakini Lubna, mi nilimusikia analia."